Tupeane uzoefu: uliyetoka jeshini ukaingia polisi, ni nini kilikutoa jasho?

Vua Magwanda
Wakuu, salaam. Nimetoka jeshini mwaka huu, mkataba umekwisha kwa heshima, na nimeitwa kwenye usaili wa polisi. Kila ninayemweleza ananiambia, "Wewe mjeda, kule utateleza tu." Juzi nimeshuhudia askari wa barabarani akitukanwa na dereva, matusi ya nguoni, watu wamejaa wanatazama. Yule askari anaandika tu, hata kalamu haikutetereka. Mimi niliyesimama pembeni ndiye niliyekunja ngumi! Tangu hapo sina raha. Mliotangulia njia hii semeni ukweli. Habari za posho na vyeo nitaziuliza siku nyingine. Nataka yale yanayompata mtu akiwa na sare mpya na kichwa kilekile cha zamani.

Koplo wa Zamani
Umegusa penyewe. Matusi ndiyo mtihani wa kwanza. Kambini mtu wa chini yako akikujibu ovyo, adhabu inamshukia palepale. Huku mtu anakuvurumishia maneno, unamaliza kazi yako, unamwachia karatasi yake, na wiki ijayo ndiye anayekuja kaunta kuripoti kwamba ameibiwa. Na unatakiwa umsikilize kama vile hamjawahi kuonana.

Tulizana
Hapo kwa kaunta umemaliza kila kitu, mkuu.

Dada Mawasiliano
Mimi nilikuwa kikosi cha mawasiliano. Kazi yangu yote ilikuwa ujumbe mfupi: nani, wapi, lini, unahitaji nini, mwisho. Nilipoingia polisi nikakuta kumbe kazi ni kuandika, na kuandika kwenyewe ni kwa ajili ya mtu anayetaka kukuvunja.

Mara ya kwanza kusimama kizimbani kutoa ushahidi, wakili wa utetezi hakugusa kabisa habari za mwizi. Aliniuliza taa ya barabarani ilikuwa kulia kwangu au kushoto. Akaniuliza ile simu iliyokamatwa ilikaa mikononi mwa nani tangu ilipotoka mfukoni mwa mshtakiwa mpaka ilipofungwa kwenye bahasha, nani alitia saini, bahasha ilikuwa na lakiri au haikuwa nayo. Bahati nzuri koplo aliyenilea kazini alikuwa mkali mno kwenye vielelezo, kila mkono uliogusa ile simu ulikuwa umeandikwa pamoja na saa yake. Kesi ikasimama. Lakini nilishuka pale magoti yamelegea kuliko siku yoyote ya mazoezi ya risasi za moto. Jeshini ukimaliza operesheni unatoa taarifa kwa mkubwa wako, naye yuko upande wako. Mahakamani taarifa yako inasomwa na mtu anayelipwa kuitoboa, na ana haki ya kufanya hivyo.

Vua Magwanda
Asante dada. Kwa hiyo nianze na kuandika?

Dada Mawasiliano
Anza leo. Chukua tukio moja uliloliona, liandike. Usiandike "alikuwa na wasiwasi". Andika alichofanya: aligeuka nyuma, aliingiza mkono wa kulia mfukoni, hakujibu alipoulizwa jina. Hayo ndiyo utakayoulizwa miezi mingi baadaye, wakati kichwani yameshafutika.

Kirungu Kimya
Mimi napinga. Kuandika atafundishwa chuoni. Apumzike kwanza, akae na familia yake mwaka mzima.

Koplo wa Zamani
Mwaka mzima bila ratiba? Atapotea. Mimi niliunganisha moja kwa moja na ndicho kilichoniokoa.

Kirungu Kimya
Kilikuokoa wewe. Mimi niliunganisha moja kwa moja na nyumba yangu ndiyo iliyolipa. Nilikuwa natoka zamu ya usiku narudi kwa watu ambao hata hawakuwa wamenizoea tena.

Doria ya Usiku
Naomba niseme la kwangu maana huwa halisemwi.

Kule nilikotumwa, barabara ndiyo iliyoua wenzetu. Mabomu ya kutegwa. Mfuko wa taka pembeni ya lami, mzoga, udongo uliochimbuliwa upya, vyote vilikuwa na maana moja. Nikarudi, nikaingia polisi, nikapangiwa doria ya gari na kijana aliyetoka chuoni. Mimi ndiye ninayeendesha. Kila penye mfuko nahama njia. Chini ya daraja nakanyaga mafuta. Kijana ananitazama, hasemi kitu. Tukafika mahali pana boksi katikati ya barabara, boksi tupu la karatasi. Nikasimamisha gari mbali kabisa na kuzima taa. Akaniuliza kwa adabu, "Afande, tunasubiri nini?" Sikuwa na jibu. Akashuka, akaenda kulisukuma kwa mguu. Ule mguu wake ulipokuwa unaliendea boksi, mimi ndani ya gari nilikuwa nimeshainamisha kichwa chini ya usukani na kuziba masikio. Nimeona vita, lakini sijawahi kuishi sekunde ndefu kama zile.

Alirudi, akakaa, akasema, "Nitaendesha mimi." Hakumwambia mtu yeyote. Ni mimi niliyekwenda kwa daktari mwenyewe. Kiwewe cha namna hii kimo kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam, kwa hiyo si deko na si pepo. Mtaalamu alinirudisha taratibu kwenye vile nilivyokuwa navikimbia: kwanza kusimulia tu, kisha kukaa kwenye gari lililozimwa karibu na mfuko wa taka, kisha kupita karibu nao, mpaka mwili wenyewe ukakubali kwamba hakuna kinacholipuka.

Msiri
Ushauri wangu: daktari wa kazini usimwambie kitu. Watakunyang'anya silaha, wakuweke ofisini ugonge mihuri. Tafuta mtu wa nje.

Doria ya Usiku
Ofisini nilikaa kweli, na nikatoka. Wapo ambao hawakusema kwa mtu. Wale tuliwabeba mabegani.

Tulizana
Mungu awarehemu.

Mkufunzi
Nimefundisha makuruta wa polisi muda mrefu, na waliotoka jeshini nawajua wakiingia tu mlangoni. Wanawahi, viatu vinang'aa, hawalalamiki, na wenzao wakichoka wao ndio wanaowabebea mizigo. Nawapenda. Tatizo lao ninaloliona darasani ni moja: ukiwapa zoezi la mtu mwenye kisu ndani ya chumba, wanataka limalizike. Nawaambia, yeye ana kisu, wewe una muda na mlango. Rudi nyuma, weka meza katikati yenu, ongea naye, subiri wenzako. Kule ulikotoka kurudi nyuma ni kumpa adui ardhi. Huku ile ardhi ni sebule ya mtu, na huyo mwenye kisu huenda ni mgonjwa ambaye mama yake ndiye aliyepiga simu.

Kabla ya usaili soma Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Kanuni ya 10 inakutaka ujitambulishe na utoe onyo la wazi kabla ya kufyatua, umpe mtu nafasi ya kutii, isipokuwa kama kufanya hivyo kutahatarisha maisha. Kanuni ya 20 inataka ufundishwe kushawishi, kujadiliana na kuelewa tabia ya umati, wala si shabaha peke yake. Na ndugu Msiri, kanuni ya 21 inataka askari aliyehusika kwenye tukio la nguvu au silaha apatiwe ushauri wa kumsaidia na msongo. Kuomba msaada ni stahili yako.

Msiri
Kwenye karatasi.

Mkufunzi
Ndiyo, kwenye karatasi. Ndiyo maana nataka aijue, ili aidai.

Mkongwe wa Kombania
Mnakuza mambo. Ufaransa wana Gendarmerie, Italia wana Carabinieri tangu 1814. Wote hao ni wanajeshi na kila siku wanafanya kazi ya polisi. Askari ni askari. Mimi niliingia na sikuhitaji kubembelezwa na meza.

Mkufunzi
Ni wanajeshi kwa hadhi, hilo sikatai. Lakini wanasomea upolisi. Hawatolewi mstarini wakapewa pingu asubuhi yake. Na London walipoanzisha polisi wao mwaka 1829 waliwavalisha bluu makusudi, wananchi wasiwaone kuwa ni jeshi lenye makoti mekundu limeletwa mitaani kuwakalia.

Mkongwe wa Kombania
Mambo ya makoti ya Waingereza hayanihusu.

Koplo wa Zamani
Yanakuhusu sana. Wapo wenzetu wanaoingia na ile "askari ni askari" halafu sisi ndio tunaobaki kaunta tunapokea malalamiko ya wazazi wa vijana waliopigwa.

Mkongwe wa Kombania
Taja lalamiko moja lililo na jina langu.

Koplo wa Zamani
Sijakutaja wewe. Umejitaja.

Mlinzi wa Pili
Samahani kuwakatiza. Nimesoma hapo juu habari ya kurudi nyuma na kuongea na nimeshindwa kulala bila kuandika hili.

Tuliitwa usiku kwenye nyumba moja, majirani wamesikia mlio wa risasi. Mke na watoto walikuwa wameshakimbilia kwa jirani. Ndani amebaki mwanamume na bunduki. Wenzangu wamejipanga nyuma ya magari. Mimi nikasogea mpaka ukuta wa pembeni, dirisha liko wazi kidogo, nikapaza sauti kwamba mimi ni polisi. Akajibu, "Simama hapohapo! Jitambulishe!" Hakusema kwa hasira. Alisema kwa ile sauti. Mliowahi kusimama lindo mnaijua. Nywele zilinisimama. Badala ya cheo cha polisi nikamtajia cheo changu cha jeshini. Kimya. Akauliza kikosi. Nikamtajia. Naye akanitajia chake.

Tuliongea mpaka koo likanikauka. Aliniambia amekaa lindo siku nyingi na hakuna aliyekuja kumpokea. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Kadiri tulivyoendelea nikaelewa anamaanisha vilevile alivyosema: halali, anazunguka nyumba usiku kucha, anakagua milango, na usiku huo ameona kivuli akafyatua. Redioni wananong'ona, wanauliza hali, kuna anayetaka mlango uvunjwe. Nikaomba muda. Nikaomba tena. Mkubwa aliyekuwepo alinipa, na mpaka leo namwombea dua.

Mwisho nikamwambia, "Sawa. Zamu inayofuata ni mimi. Nimekuja kukupokea. Kabidhi lindo kwa utaratibu." Nikasikia magazini ikitoka na kuwekwa sakafuni. Nikasikia amekoki, risasi iliyobaki ikaruka ikagonga sakafu. Kisha akaanza kunisomea taarifa: milango yote imefungwa, hakuna kilichosogea tangu usiku wa manane, familia haijulikani ilipo. Nikamjibu, "Familia iko salama. Lindo limepokelewa." Akatoka mikono juu, kifua wazi, hana viatu.

Mngedhani nimeandika kwa sababu ya usiku ule. Hapana. Alishtakiwa kwa kufyatua silaha kwenye makazi ya watu, na shahidi wa kwanza nikawa mimi. Nimekula kiapo, naulizwa alisema nini pale dirishani. Nikayatoa maneno ya lindo yote, moja baada ya jingine, mbele ya watu wasiomjua, naye amekaa pale mgongo umenyooka ananisikiliza. Mtu aliyenikabidhi bunduki yake kwa kuniamini mimi ni mwenzake. Katika upolisi wangu wote hakuna siku iliyonielemea kuliko ile.

Tulizana
Nimeacha nilichokuwa nafanya. Yuko wapi sasa?

Kirungu Kimya
Hilo la taarifa ya lindo limenitoa machozi. Familia haijulikani ilipo!

Mkongwe wa Kombania
Pole, lakini nisemeje, ulimsaliti. Mwenzako hatolewi ushahidi.

Dada Mawasiliano
Mkongwe, acha kabisa. Angenyamaza, mahakamani yangebaki mambo mawili: bunduki na mlio wa risasi. Yale maneno ya lindo ndiyo yaliyomwonyesha hakimu kwamba mbele yake kuna mgonjwa. Ushahidi mzuri wa polisi humbeba hata mshtakiwa.

Mlinzi wa Pili
Dada amesema. Hakimu aliagiza apimwe na madaktari kwanza, na mwisho wa yote alipelekwa kwenye matibabu, si gerezani. Tunaonana mara kwa mara. Mengine ni yake mwenyewe, naomba msiniulize.

Mkongwe wa Kombania
Haya, nimekuelewa, na neno la usaliti nalirudisha. Ila mimi nisingeweza kusimama pale.

Mlinzi wa Pili
Hata mimi nilidhani siwezi.

Jalada Wazi
Kuna kisa cha kweli kinachofanana na hiki, kiko kwenye kumbukumbu za Marekani. Mei 2016, mji wa Weirton, West Virginia. Askari polisi Stephen Mader, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyewahi kutumwa Afghanistan, alifika kwa kijana mwenye bastola aliyetaka kujiua. Bastola ilikuwa inatazama chini, na kijana anamwomba ampige risasi. Mader hakufyatua. Akawa anaongea naye. Wakafika askari wengine wawili, kijana akaipunga ile bastola, mmoja wao akampiga risasi akafa. Baadaye ikaonekana bastola haikuwa na risasi hata moja. Aliyefyatua hakushtakiwa. Mader ndiye aliyefukuzwa kazi mwezi uliofuata, kwa hoja kwamba alishindwa kuondoa hatari. Mji ulidai kulikuwa na sababu nyingine pia. Alishtaki, na mwaka 2018 wakamalizana kwa kulipwa dola 175,000.

Nakileta hapa kwa sababu watu wanapenda kusema anayetoka vitani ana kidole chepesi. Huyu katoka vitani na ndiye aliyetulia kuliko wote.

Msiri
Kwa hiyo ukitulia unafukuzwa, ukifyatua hushtakiwi. Kazi gani hii!

Mkufunzi
Msiri, usiseme nusu. Mwanajeshi aliyefundishwa vizuri ana amri za lini afyatue na lini asifyatue, na nyingine zinabana kweli. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba kushika silaha na kuielekeza kwako ni vitu viwili. Hiyo ndiyo mali mnayotoka nayo kule, na naumia nikiona chuo kinaipoteza kwa kumfundisha mtu kuogopa kila mkono anaouona.

Doria ya Usiku
Naunga mkono. Yule kijana wangu wa boksi alikuwa mwepesi wa kugusa mkoba wa bastola kuliko mimi. Kutuliza mkono nilimfundisha mimi. Yeye akanifundisha barabara.

Vua Magwanda
Nasoma yote, nimenyamaza kwa sababu nimeelemewa. Mlinzi wa Pili, asante sana. Naomba niulize dogo: nikiwa chini ya mkubwa aliye mdogo kwangu kwa umri, na cheo changu cha jeshini hakihesabiwi, mnafanyaje?

Koplo wa Zamani
Unapiga saluti. Saluti ni ya cheo. Mwezi wa kwanza itauma, baadaye utaona anajua mitaa, anajua mahakama, anajua nani ni mwizi na nani ni mtoto wa mtu mwenye njaa. Hayo huyajui wewe.

Kirungu Kimya
Na acha hadithi za "sisi kule jeshini". Wenzako watakuchoka.

Dada Mawasiliano
Asiache zote. Mimi za huduma ya kwanza ziliokoa mtu kwenye ajali. Nilikuwa peke yangu pale niliyejua kufunga mguu unaovuja damu kabla ambulensi haijafika.

Jalada Wazi
Pima na masikio. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na wengi wetu tumetoka na sikio moja linalolia usiku na mchana. Kwenye redio ya polisi, ukisikia vibaya jina la mtaa umepeleka msaada kwingine.

Msiri
Masikio kapime. Hilo la masikio sina ubishi.

Vua Magwanda
Usaili ni wiki ijayo. Nitaleta mrejesho.

Dada Mawasiliano
Beba cheti halisi cha kumaliza utumishi pamoja na nakala zake. Na wakikuuliza kwa nini unataka upolisi, usijibu "nidhamu". Kila mjeda anajibu nidhamu. Waeleze habari ya yule dereva na yule askari mwenye kalamu, na jinsi ulivyokunja ngumi.

Mkongwe wa Kombania
Hilo la ngumi asiliseme! Watamwandika ana hasira.

Mkufunzi
Nikiwa mimi upande wa pili wa meza, hilo ndilo ningetaka kulisikia kwanza.

Koplo wa Zamani
Mimi nilijibu "nidhamu" na nikachukuliwa.